Kiingereza Kije Mwisho: Shakespeare katika Shule ya Kijiji, Karnataka

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na vijana wa chuo cha ualimu mliojibana huko nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Swali nililopewa ni hili. Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kijiji huko India, mwenye watoto arobaini na kitu, anawezaje kupeleka jukwaani tamthilia ya Shakespeare, wazazi wakaifuata na watoto wasifedheheke? Nitajibu kwa kukaa mahali pamoja, maana India ni kubwa na ushauri wa jumla haumfai mtu. Tukae Malnad, nchi ya milima na mvua katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi. Mabondeni wanalima mpunga, kwenye miteremko mipopoo. Lugha ya nyumbani na ya darasani ni Kikannada. Kiingereza ni somo tu. Mwaka wa masomo unaanza Juni, wakati mvua za kusi zinaingia, na unakwisha na mitihani ya Machi na Aprili.

Tamthilia nitakayoishikilia ni A Midsummer Night's Dream, yaani ndoto ya usiku wa kiangazi, iliyoandikwa yapata 1595 au 1596 na kuchapishwa 1600. Shule nyingi hukimbilia Julius Caesar kwa ajili ya hotuba ya Antony. Najua kwetu ile ina heshima yake, Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikatoka 1963, lakini Mwalimu hakuwa na kazi ya kuwatafutia nafasi wasichana ishirini wa darasa la tisa. Julius Caesar ina wanawake wawili tu. Tena Kaizari akishauawa katikati, kinachobaki ni majemadari kubishana, na hapo watazamaji wa kijijini huanza kuulizana habari za ng'ombe.

Hii ya ndoto ina watu wa kijijini ndani yake, na watu hao wanatayarisha igizo. Seremala Peter Quince amewakusanya mfumaji, fundi cherehani, mziba masufuria, fundi wa mivukuto na mtengeneza samani, wanafanya mazoezi msituni usiku ili wakacheze kwenye arusi ya mtawala. Kila kosa linalompata mwalimu wa maigizo limo humo: mmoja anataka sehemu zote, mwingine anamwaga mistari yake yote kwa mkupuo bila kungoja mwenzake, kijana anaona haya kupewa sehemu ya mwanamke kwa sababu ndevu zimeanza kumwota. Pembeni yao yuko Hermia. Baba yake Egeus anamtaka aolewe na Demetrius. Akikataa, sheria ya Athens inampa kifo au utawa. Anatoroka na Lysander, na Helena anamfuata Demetrius nyuma yao. Msituni humo Oberon na Titania, mfalme na malkia wa viumbe wa porini, wamegombana, na ugomvi wao umevuruga majira: mito imefurika, nafaka imeoza ikiwa changa, ng'ombe wamevuta nira bure, zizi limebaki tupu katika shamba lililozama. Msomee mtoto wa Malnad kipande hicho mwezi Julai. Hatakuomba ufafanuzi.

Na wanachogombania ni mtoto wa Kihindi. Titania anamkumbuka mama wa mtoto huyo, jinsi walivyokaa usiku ufukweni katika hewa ya India yenye harufu ya viungo, wakitazama merikebu za wafanyabiashara na matanga yao yaliyojaa upepo. Mtoto mwenyewe hana hata neno moja katika tamthilia. Wanafunzi watauliza yuko wapi. Waachie waamue wenyewe kama aonekane jukwaani au asionekane. Ni swali bora kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya kiada.

Historia nitaipitia haraka. Shakespeare aliingia shule za India akiwa mali ya watawala: Hindu College ya Calcutta ilifunguliwa 1817, waraka wa Macaulay, afisa wa serikali ya kikoloni, ukakiinua Kiingereza 1835, na 1848 Mbengali Baishnav Charan Addy akacheza Othello katika ukumbi wa Sans Souci, Calcutta, kati ya waigizaji Wazungu. Kutoka huko shule zikarithi ukariri: mtoto mmoja mwenye tai anasimama wima, anaimba mistari arobaini bila kupumua, watu wanapiga makofi, hakuna aliyeelewa. Watu wa tamthilia walikwenda njia nyingine. Utpal Dutt alipeleka Macbeth ya Kibengali vijijini miaka ya 1950. B. V. Karanth aliifanya Macbeth mwaka 1979 kwa Kihindi, akatumia mwendo na ngoma za Yakshagana, sanaa ya maigizo ya nyimbo na ngoma ya Karnataka hiyohiyo. Habib Tanvir mwaka 1993 aliichukua hii ya ndoto na kuwapa waigizaji wa vijijini wa Chhattisgarh. Na ndani ya Malnad kwenyewe, katika kijiji cha Heggodu, kuna Ninasam, kikundi kilichoanzishwa 1949, ambacho K. V. Subbanna alikikuza hadi kikawa na chuo cha maigizo mwaka 1980 na kikundi cha kuzunguka mwaka 1985. Kwa hiyo mwalimu wa huko hapandi mbegu kwenye jiwe. Watu wake wanajua tamthilia kuliko yeye.

Sasa kazi yenyewe. Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja: kinachoua igizo hili shuleni ni mpangilio wa kazi. Mwalimu anagawa mistari ya Kiingereza siku ya kwanza, watoto wanaikariri wiki moja, halafu miezi miwili inapotea katika kujaribu kutia maana ndani ya kitu kilichokwisha kuganda. Hadithi itangulie, mwili ufuate, sikio lifuate, Kiingereza kije mwisho.

Tuelewane kuhusu Kiingereza chenyewe. Uchunguzi wa ASER wa 2023, uliowapima vijana wa vijijini wa miaka 14 hadi 18 katika wilaya 28 za India, ulikuta 57.3% wanaweza kusoma sentensi za Kiingereza, na kati ya hao takriban robo tatu ndio walioweza kueleza maana yake. Maana yake ni kwamba katika darasa la arobaini, wanaosoma na kuelewa sentensi ya kawaida, acha ya Shakespeare, ni kama kumi na saba. Ukiwaacha wengine nje, umefanya igizo la watoto wa walimu na wenye maduka.

Ratiba kwanza, kwa sababu kalenda ya shamba haibishani na mtu. Msiwaweke watoto wa darasa la 10. Wana mtihani wa jimbo, na wazazi watawatoa Desemba igizo likiwa limeiva. Tumia la 8 na la 9. Juni hadi Septemba mvua juu ya mabati au vigae haimwachi mtu asikike, basi miezi hiyo ni ya kusimulia na kuigiza bila maneno. Oktoba kuna likizo ya sikukuu ya Dasara. Kuanzia Oktoba au Novemba popoo zinavunwa, na nyumbani watu wanakesha wakizimenya. Watoto, wasichana hasa, wanakuja shuleni na usingizi. Mpunga nao unavunwa Novemba na Desemba. Januari 26, Siku ya Jamhuri, inameza wiki mbili za gwaride na ngoma. Nafasi iliyobaki ni katikati ya Desemba hadi siku kama ya kumi ya Januari, kabla ya sikukuu ya Sankranti. Anza mazoezi ya kweli wiki kumi kabla, siku tatu kwa wiki, dakika arobaini na tano, baada ya mlo wa mchana wa shule. Usiweke jioni. Basi la mwisho likimwacha msichana njiani, igizo limekwisha hapo hapo.

Wiki mbili za mwanzo hakuna karatasi. Simulia hadithi kwa Kikannada kipande kwa kipande, kila kundi la watoto watano waigize kipande hicho kwa maneno yao. Rudia mara tatu, kila mara watu wabadilishane sehemu. Watoto wa Malnad wanaliweza hili bila kufundishwa kwa sababu ndivyo Yakshagana inavyokwenda: nyimbo ni za kudumu, mazungumzo mwigizaji anayatunga papo hapo. Hapo ndipo unamwona anayeweza kumjibu mwenzake na anayesubiri tu zamu yake. Usigawe sehemu kabla ya kuona hayo.

Wiki ya tatu ni ya masikio. Mistari ya baraza la mtawala na ya wapenzi ina mizani kumi, mkazo mara nyingi ukiangukia ya pili, ya nne na kuendelea. Kikannada, kama lugha yetu, hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. Neno bus kwao ni bassu, kama kwetu lilivyo basi. Chukua mstari wa Lysander, The course of true love never did run smooth: mizani yake ni kumi kamili. Mtoto akitia irabu mwishoni mwa kila neno linaloishia konsonanti inakuwa kumi na sita au kumi na saba, na mdundo umekufa. Usimkemee, na usimlazimishe kuiga redio ya London. Lafudhi yake ni yake. Unachotafuta ni idadi na mkazo. Watembee uwanjani, hatua moja kwa kila mkazo, hatua tano kwa mstari. Ikizidi hatua, mtoto mwenyewe anajua ametia kitu kisichokuwapo. Kosa la pili la kawaida ni kutanguliza y au w kwenye maneno yanayoanza na irabu. Hilo liache, halimzuii mtu kuelewa.

Viumbe wa msituni wana mistari mifupi ya mapigo manne, na hiyo ni zawadi. If we shadows have offended, think but this, and all is mended: mizani nane kwa nane, na vina. Nyinyi mnaojua kipande cha shairi letu mmeshausikia. Huko ngoma ya mapigo manne inaubeba bila kusukumwa. Kwa hiyo watoto wenye Kiingereza dhaifu wape mistari ya Puck, mtumishi mtundu wa Oberon, na wenzake, siyo ya mafundi. Walimu wengi hufanya kinyume, wakidhani mafundi ni rahisi kwa kuwa hawasemi kwa vina. Nathari ya mfumaji Bottom ndiyo ngumu kuliko zote: mzaha wake uko katika kukosea maneno, na huwezi kukosea kwa makusudi lugha usiyoijua.

Tamthilia nzima ina maneno kama 16,000. Mtoto anayesema Kiingereza cha shuleni, akisikika vizuri, husema maneno tisini kwa dakika. Gawanya mwenyewe: ni karibu saa tatu. Kata hadi maneno 4,500, yaani dakika hamsini, na acha dakika kumi na tano za msimulizi kwa Kikannada. Mgawo unaokaa vizuri ni kama 600 kwa baraza la mtawala, 1,900 kwa wapenzi na viumbe wa msituni, 1,000 kwa mazoezi ya mafundi, na 1,000 kwa igizo lao la mwisho la Pyramus na Thisbe. Hilo la mwisho usilipunguze zaidi. Ndilo watu watakalolisimulia njiani kurudi nyumbani. Kata ndani ya hotuba, usiondoe maonyesho mazima, na ukikata mistari yenye vina ondoa miwili miwili. Usibadilishe thou kuwa you ili kurahisisha. Mzungumzaji wa Kikannada anatofautisha kila siku wewe wa kumwambia mdogo au mwandani na wewe wa heshima, kwa hiyo Helena akibadilisha anavyomwita Demetrius, mtoto huyo anasikia hasira au unyonge mara moja. Sisi na Waingereza wa leo ndio tunaohitaji kuelezwa.

Nakala kamili kwa kila mtoto ni gharama bila faida. Kila mmoja aandike kwa mkono, katika daftari, mistari yake tu na maneno matatu ya mwisho ya anayemtangulia. Waigizaji wa enzi za Shakespeare walifanya hivyohivyo. Kisha cheza mchezo wa kuitana: wote wamesimama duara, mwalimu anatupa maneno matatu, mwenye jibu anajibu kabla ya makofi mawili. Mtoto aliyejifunza mistari bila mwito wake atakuwa fundi wa mivukuto wa Quince, atamwaga vyote mara moja. Na marufuku kukariri kwenye dawati kwa pamoja. Ule wimbo wa darasa zima, ukishaingia ulimini, hautoki.

Nije kwenye kugawa sehemu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mwalimu anaweza kuumiza watu.

Punda, kwa Kikannada, ni tusi la kila siku la darasani. Zaidi ya hapo, punda ni mnyama wa dobi, na udobi huko ni tabaka la kuzaliwa. Bottom anageuzwa kichwa cha punda. Ukimpa sehemu hiyo mtoto wa dobi, au mtoto wa Dalit, wale wanaowekwa chini ya matabaka yote, au yule anayeshika mkia darasani, kijiji kitacheka kicheko ambacho si cha Shakespeare. Mpe kijana anayeheshimiwa na anayejipenda, nahodha wa mchezo wa kabaddi kwa mfano. Mafundi wale pia, seremala, mfumaji, fundi cherehani, ni kazi ambazo kule zimefungwa na jina la ukoo. Changanya, mtoto wa seremala asiwe seremala. Mfalme na malkia usiwagawe kwa sura wala kwa rangi ya ngozi, jambo linalofanyika sana bila mtu kulisema. Wanaofaa kwa sauti wapige kura ya vijiti mbele ya wote. Chumba cha kuvalia kiwe na mtungi mmoja wa maji na kikombe kimoja, tabaka lisipate pa kutenganisha watu, na kupakana rangi kufanywe kwa jozi ulizozipanga wewe. Usitoe hotuba juu yake, panga tu.

Wasichana na wavulana. Katika shule za namna hii wanakaa pande mbili za darasa, na kugusana jukwaani kutazua neno. Tamthilia yenyewe inasaidia. Lysander akitaka walale pamoja kwenye nyasi, Hermia anamwambia alale mbali zaidi, kwa adabu. Mistari hiyo usiikate kamwe. Mama zao watatikisa vichwa kwa kuridhika. Katika ugomvi wa tendo la tatu, Hermia anataka kumrukia Helena, na wavulana wanapaswa kumzuia: wamzuie kwa mtandio mrefu wa mita tatu, ulioshikwa ncha mbili, hakuna mkono unaogusa mtu, na unaonekana vizuri zaidi kutoka mbali. Dawa ya mapenzi, ile wanayopakwa wapenzi machoni wakiwa wamelala, iwe ua la njano lililokauka, lipitishwe sentimita chache juu ya kope. Ua bichi likikamuliwa, maji yake machoni ni kilio cha kweli. Helena lazima awe mrefu na Hermia mfupi, kwa sababu matusi yao yote yamejengwa juu ya urefu. Wahusika wengine wanaweza kupokezana, leo huyu kesho yule, wakitambulika kwa rangi ya kitambaa. Hawa wawili wabaki walewale, kila mmoja na mbadala wa kimo kilekile. Msimu wa arusi na magonjwa utakunyang'anya mtu, hilo lihesabu tangu mwanzo. Na kama kuna uvumi kijijini kuhusu mvulana fulani na msichana fulani, wasiwe Lysander na Hermia.

Maana hadithi hii ni ya binti anayetoroka na mwanamume aliyemchagua mwenyewe, na baba anayedai haki ya kumwua. Sheria ya India ya 2006 inakataza kuoza msichana chini ya miaka 18, lakini sheria ni kitu kimoja na barazani ni kingine. Usiifiche hadithi hadi siku ya onyesho. Andika ukurasa mmoja wa Kikannada, hadithi nzima pamoja na mwisho wake, upeleke kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule kabla ya kugawa sehemu. Sema wazi kwamba mtawala mwenyewe anamshinda Egeus mwishoni na watu wanaoana mbele ya wakubwa. Wanaokataa wakatae mapema. Wazazi wakishtukizwa, msichana hatapewa ruhusa ya igizo tena, na wadogo zake pia.

Daraja kati ya Kiingereza na watazamaji ni bhagavata, yule mwimbaji na msimulizi wa Yakshagana anayekaa jukwaani na kuendesha kila kitu. Wawekeni watoto wawili, mvulana na msichana, upande mmoja wa jukwaa, na mpiga ngoma mmoja. Kabla ya kila onyesho wanasema kwa Kikannada, dakika moja tu, kitakachotokea. Mwelekezi wa mjini atasema unaua mashaka. Siyo kweli. Watazamaji wa Yakshagana wanajua hadithi tangu utotoni na bado wanakesha. Wanachongoja ni kuona inavyofanywa. Kosa hapa ni lingine: bhagavata anatafsiri baada ya kila usemi, na igizo linakuwa mahubiri yenye mkalimani. Aseme kabla, kisha anyamaze. Ngoma nayo inyamaze mtu anaposema. Chende ya Yakshagana ina sauti kali inayokwenda mbali, na koo la mtoto wa miaka kumi na tatu haliiwezi; tumia maddale, ile ya mikono, au pigeni chende kati ya maonyesho tu.

Bhagavata huyo ndiye mwokozi mtu akisahau. Mwalimu asisimame pembeni akitikisa midomo, kwani watoto wote watamtazama yeye na watazamaji watamtazama pia. Daftari lote liwe mapajani mwa bhagavata. Mtoto akikwama, mwenzake anahesabu moja hadi tatu moyoni, kisha anauliza chochote. Ikishindikana, ngoma inapigwa na bhagavata anaimba sentensi inayofuata. Katika maonyesho ya mafundi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa Quince ndiye mwelekezi ndani ya hadithi. Ana haki ya kushika karatasi na kumsomea mtu mbele ya wote, na watazamaji watadhani ni mzaha.

Jukwaa lisiwe la juu. Mita sita kwa tano za ardhi, ukuta wa darasa nyuma ili urudishe sauti, mianzi minne pembeni yenye majani ya mwembe kama uwanja wa Yakshagana, watu pande tatu. Mstari wa mwisho wa watazamaji usizidi mita kumi na mbili. Hapo watu mia mbili na hamsini watasikia bila kipaza sauti, mradi jenereta isiwashwe. Kipaza sauti kimoja cha kushika kwa mkono ni balaa: watoto wanapokezana hicho badala ya kuigiza. Vile vya kuning'iniza vinanasa sauti za feni, jenereta na watoto wachanga, kisha ya mwigizaji.

Anza saa kumi kasoro robo, alasiri. Januari jua la huko linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na kabla ya hapo kuna ng'ombe wa kukamuliwa. Mtauliza, igizo la usiku lichezwe mchana? Katika London ya Shakespeare walicheza alasiri, juani, na giza lilikuwa katika maneno. Ndiyo maana wapenzi wale wanalalamika kila mara kwamba hawaonani. Wafundwe watembee kama watu wa gizani, mikono mbele, macho wazi bila kutazama. Fundi cherehani, aliye mwezi katika igizo la mafundi, ashike kandili inayowaka kweli. Chini ya jua la saa kumi na moja inachekesha maradufu.

Maleba yasikule fedha. Kichwa kizima cha punda ni kosa la kila mwaka: kinafunika mdomo wa mwenye maneno mengi kuliko wote. Tengeneza masikio na paji la uso tu. Malnad kuna ganda pana linaloshika kuti la mpopoo kwenye shina, linaanguka lenyewe, na wafanyakazi wa mashambani wa ukanda wa pwani huko hulishonea kofia. Loweka nusu saa lilainike, kunja liwe kofia, shona masikio mawili ya sentimita ishirini na tano, funga kamba chini ya kidevu, anika kivulini lisipasuke. Anayecheza ukuta katika igizo la mafundi, yaani mziba masufuria, asipakwe chokaa: inaunguza macho na ngozi. Unga wa mchele na maji vinatosha. Simba achezwe kwa mwendo wa hulivesha, ngoma ya chui milia ya siku za Dasara, ambayo kila mvulana wa upande huo ameiona. Sehemu hiyo ya simba usimpe mtoto dhaifu kwa kuwa hadithi inasema simba ni mzito wa kujifunza. Mpe msomaji hodari, kwani simba huyu ana hotuba ya vina kwa mabibi kabla ya kunguruma.

Wiki ya mwisho chezeni mara tatu mfululizo bila kusimamishwa. Mara ya tatu iwe mbele ya watoto wa shule ya msingi jirani, wakiwa wameketi chini. Watacheka mahali msipotarajia, na waigizaji wenu, waliozoea ukimya, wataendelea kusema ndani ya kicheko na mistari mitatu itapotea. Wafunzeni kusimama, kungoja kicheko kianze kushuka, kisha kusema. Somo hilo halifundishiki bila watu.

Kesho yake asubuhi rudisheni kila sari na kila mtandio ulioazimwa, umefuliwa kama umechafuka, kwa orodha yenye jina la mama aliyetoa, na mwanafunzi aliyeuvaa ndiye aupeleke. Daftari za mistari kusanyeni, fungeni kwa mafungu ya wahusika na majani ya mwarobaini katikati kuzuia wadudu. Darasa la 8 litakuwa la 9, na miongoni mwao kuna atakayeshika karatasi ya Quince Juni ijayo.

Ninawashukuru. Dada uliyenyoosha mkono tangu habari ya punda, karibu, uliza.